Usimwambie Mama Yake

Wodini, Moshi mjini
Jumanne, 4 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Naandika nimelala ubavu, ndiyo maana mistari imepinda. Daktari amerudia maneno yale yale: kondo la nyuma limekaa chini, na nikisimama hovyo au nikipata mshtuko, damu inaweza kunitoka nikapotea mimi na huyu aliye tumboni. Nitalala hapa mpaka nijifungue. Mwanao Wilson yuko njiani na lori kwenda Kongo, simu yake haishiki. Ya kwako nayo najua huisikii tena. Tumebaki na karatasi na Gladness wa huko Kidia, ambaye amekubali kupita wodini kila anaposhusha ndizi zake soko la Kiboriloni.

Hujawahi kukaa na mjukuu wako Victoria zaidi ya siku mbili, kwa hiyo niruhusu nikueleze. Ndizi umchemshie peke yake, zisigusane na maharage. Usimshike kichwani. Akiziba masikio, mwondoe penye kelele, usimgombeze. Maneno yake mwenyewe ni machache, lakini anachokisikia anaweza kukirudia kama kilivyo, kwa sauti ya aliyekisema. Akikutangazia taarifa ya habari usishangae.

Na hili lishike kuliko yote: akiumia halii. Anacheka. Ukimwona anacheka peke yake bila sababu, mvue viatu, mkague mwili mzima.

Bosi asitenganishwe naye. Mbwa yule ndiye anayemrudisha nyumbani. Victoria akielekea mferejini au korongoni, Bosi anatangulia na kumzuia kwa ubavu mpaka ageuke. Amechanjwa, usiwe na wasiwasi naye.

Naliogopa lile korongo, Mama. Nayaogopa yale maji. Nisamehe kwa kuandika mengi.

Mkweo,
Yuditha

*

Kidia, Old Moshi
Jumamosi, 8 Juni 2024

Mama Victoria,

Marahaba. Umeniandikia kurasa tatu, mimi niliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Nimezisoma Alhamisi asubuhi mara mbili na kuzibandika kwenye kabati la vyombo.

Mtoto hajambo. Kila asubuhi anazunguka kihamba chote akigusa migomba mmoja mmoja, na akiruka mmoja anarudi kuanza upya. Ng'ombe amemkubali. Jumatano jirani yangu Sifael alikuja na wenzake wawili, wakataka wamwekee mikono mtoto ili kilichomfunga ulimi kimtoke. Niliwaeleza kwamba mjukuu wangu ana usonji, hana pepo, nikawapa chai wakaondoka.

Najua unakumbuka nilichosema mimi mwenyewe alipokuwa na miaka mitatu, kwamba wageni wakija afungiwe chumbani. Na mimi nakikumbuka. Mdomoni kimenishinda kukirudia, lakini kalamu haina aibu.

Juzi mbwa mgeni alikatiza kihambani, Bosi akamfukuza. Hakuna zaidi.

Wewe lala. Usijisumbue kwa jambo lolote.

Ndelilio

*

Wodini
Jumanne, 11 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Maneno yako kuhusu chumbani nimeyasoma mara nyingi. Nashukuru. Sikujua kama yalikuwa yanakutesa na wewe.

Sasa nina swali. Gladness amenionyesha picha aliyompiga Victoria jana pale kwenye mibuni. Amevaa sweta, na mikono ya sweta imevutwa mpaka kwenye vidole. Mama, huyo mtoto havai mikono mirefu. Hata kukiwa na baridi anaikunja mpaka kwenye kiwiko. Ni nani aliyemshawishi, na kwa nini?

Halafu Bosi yuko wapi? Nina picha zaidi ya mia tatu za Victoria kwenye simu yangu, na Bosi yumo katika zote, hata kama ni mkia tu. Nilipomwuliza Gladness, aliangalia dirishani, akasema ndizi zinamsubiri sokoni.

Niandikie.

Yuditha

*

Kidia
Alhamisi, 13 Juni 2024

Mama Victoria,

Marahaba. Bosi ana mafua. Nimemfunga bandani asiwaambukize wengine. Sweta ni kwa sababu ya baridi. Huku ukungu haujainuka tangu Jumapili. Mtoto anakula.

Mtu akilala kitandani siku nzima kichwa humtungia mambo. Nakuomba kama mama yako, usiniulize tena habari za mbwa. Fikiria huyo wa tumboni.

Ndelilio

*

Wodini
Jumamosi, 15 Juni 2024

Mama,

Jana nilimpigia Gladness akiwa kwako, nikamwomba amwekee Victoria simu sikioni. Nilitaka tu kusikia anavyopumua. Nilimwita jina. Akaongea kwa sauti yako, Mama, ile ya darasani: "Usimwambie mama yake. Damu itamtoka. Usimwambie mama yake."

Alirudia mara nne. Sikuweza hata kukata simu.

Gladness alimpokonya simu akaanza kulia. Ameniambia kuhusu yule mbwa mgeni: kwamba alikuwa anatokwa na mate, kwamba aliuma watu wawili kabla ya kuuawa kule chini barabarani, na kwamba afisa mifugo amesema ni kichaa cha mbwa. Anaapa hajui kama alimfikia Victoria. Anasema ulimkataza kuuliza.

Nesi amenipima presha mara mbili tangu jana. Nimemdanganya kwamba nimeota vibaya. Damu haijanitoka, na ninalala sawasawa kama nilivyoagizwa. Kwa hiyo sasa niambie. Kuna nini chini ya ile sweta? Bosi aliumwa? Aliyemuuma Victoria ni nani, na lini?

Gladness anapandisha barua hii leo hii. Nijibu yote, usibakize.

Yuditha

*

Kidia
Jumapili, 16 Juni 2024, asubuhi

Mwanangu,

Nitakuandikia kama mtu anayeungama, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Alhamisi ya tarehe 6, alasiri, nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Sikusikia kitu, unajua masikio yangu. Nilipogeuka niliona mbwa wawili wameshikana karibu na mfereji, na Victoria yuko katikati yao, amemkumbatia Bosi shingoni. Nilikimbia na panga. Yule mgeni akaondoka akipepesuka. Sikio la Bosi lilikuwa limechanika. Mtoto alikuwa anacheka.

Barua yako nilikuwa nimeisoma asubuhi ile ile. Ilikuwa kabatini. Lakini nilipomwona anacheka nilimshukuru Mungu, nikamwacha. Jioni, wakati wa kumwogesha, ndipo nilipokuta matundu mawili chini ya kiwiko cha kushoto. Nikayaosha kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu. Meno yalikuwa ya nani, sijui. Nikajiambia ni Bosi, kwa bahati mbaya, na Bosi amechanjwa.

Jumatatu Filemon, yule wa kihamba cha chini, alinipigia kelele sikioni mpaka nikaelewa. Mbwa yule alikuwa amemuuma yeye pia, na alikuwa ameanza sindano mjini. Nikambeba Victoria mpaka zahanati. Wakasema chanjo haipo, niteremke mjini. Filemon akaleta gari lake. Victoria hakukubali kupanda bila Bosi, na hakuna mtu aliyekubali kumpakia Bosi. Alijilaza chini pale getini saa mbili nzima, watu wakakusanyika, yeye ameziba masikio. Nilimrudisha ndani. Hapo ndipo nilipomwambia Gladness maneno yale uliyoyasikia.

Nilijidanganya kwamba nakulinda wewe, na kweli niliogopa damu yako. Lakini kuna jingine ambalo hata Wilson halijui. Nilikuwa na kaka, Elirehema. Nilikuwa na miaka saba alipoumwa na mbwa, yeye ana kumi na mmoja. Baada ya kama miezi miwili walimfungia kwenye kibanda cha kuivishia ndizi. Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea maji kwenye kibuyu. Alipoyaona tu, koo lilimkaza, akapiga yowe ambalo silisahau. Alikufa siku ya tatu. Wakati ule kwetu hapakuwa na la kufanya, na mimi kichwani nimebaki wakati ule ule. Nilifikiri hospitali watamfungia tu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu kabla hata ya kuwasha moto. Tangu Ijumaa Victoria hanywi maji. Nikimsogezea kikombe anageuza uso na kukisukuma. Leo nimejaribu mara tatu. Mara ya tatu alipiga kelele.

Mwanangu, naogopa. Nimekaa naye hapa mezani, kikombe kiko katikati yetu. Sikwenda kanisani.

Gladness anateremka na barua hii sasa hivi ingawa si siku ya soko. Atakupa na jani la isale nililokata nyuma ya nyumba. Anayeomba msamaha kwetu haji mikono mitupu.

Ndelilio

*

Wodini
Jumapili, 16 Juni 2024, saa saba mchana

Mama,

Kikombe gani?

Gladness amesimama hapa mlangoni anasubiri, kwa hiyo naandika haraka. Victoria hanywi maji kwenye kikombe. Hajawahi. Anakunywa kwenye chupa yake ya bluu tu, yenye kifuniko cha kufungua kwa kuzungusha, na anaifungua mwenyewe. Niliiweka kwenye mkoba wake, nikasahau kuandika, kwa sababu kwangu ni kitu cha kila siku. Chupa iko wapi? Kama imepotea, tafuta chupa yoyote yenye mdomo mwembamba na kifuniko. Mwekee mezani imefungwa, halafu uondoke, usimtazame.

Akinywa, mpakie kwenye gari la Filemon mje mjini. Asiponywa, mpakie kwenye gari la Filemon mje mjini.

Nesi nimemwambia kila kitu. Anasema sindano zinafanya kazi kama dalili bado hazijaanza, hata siku zikiwa zimepita. Hakuna atakayemfungia. Ameshawapigia wenzake wanaochoma chanjo hiyo, wanawasubiri.

Bosi naye apande. Mtieni kwenye tenga lile la kuku, mfunge juu kwa kamba, awekwe nyuma mahali ambapo Victoria atamwona kupitia kioo. Mtu asimguse mdomoni.

Na mimi nina la kuungama. Nilikuandikia kwamba Bosi amechanjwa. Hakuchanjwa. Siku ya chanjo ya mbwa nilikwenda naye uwanjani pamoja na Victoria. Kulikuwa na mbwa zaidi ya mia, wote wanabweka. Victoria alianza kujipiga kichwa, watu wakatuangalia, nikashindwa, nikarudi nyumbani. Nilisema nitakwenda siku nyingine. Nilipokuandikia niliogopa ungemkataa mbwa, na bila mbwa ungemkataa mtoto. Ulijifariji kwa uongo wangu, Mama.

Habari za kusameheana sina nguvu nazo leo, kwangu wala kwako. Jani nimeliweka chini ya mto.

Nendeni.

Yuditha

*

Pasua, nyumbani kwako
Alhamisi, 20 Juni 2024

Mwanangu Yuditha,

Leo Victoria amechomwa sindano ya pili. Najua Gladness amekupigia simu, lakini ulisema nisibakize, na watoto hawaruhusiwi wodini wala mimi siwezi kumwacha, kwa hiyo nakuandikia ingawa tuko mji mmoja.

Chupa ya bluu ilikanyagwa na ng'ombe Alhamisi ya tarehe 13 ikapasuka, nami nikaitupa bila kuifikiria. Gladness alipofika na barua yako nilitafuta chupa ya soda ya plastiki, nikaiosha, nikajaza maji, nikaiweka mezani. Nikatoka, nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Aliizungusha ile chupa, akakifungua kifuniko, akakifunga, akafungua tena. Halafu akanywa yote bila kupumzika. Mtoto alikuwa na kiu ya siku mbili, mwanangu, na mimi nimekaa mbele yake namtazama kama maiti. Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Safari ilikuwa kama ulivyoagiza. Njia nzima alimwangalia Bosi kupitia kioo cha nyuma.

Aliyemchoma Jumapili ile ni nesi mtu mzima, anaitwa Margareta. Alitaka kuita watu wawili wa kumshikilia, nikamkatalia. Nikamwonyesha viganja vyangu vilivyopasuka, maana nilimpaka Bosi dawa sikioni kwa mikono hiyo. Akasema basi na mimi nachomwa. Nikamwomba aanze na mimi. Victoria aliitazama ile sindano ikiingia na kutoka, akakunja mkono wa sweta mwenyewe, akaunyoosha. Ilipoingia akacheka. Nesi akatabasamu, akasema mtoto ni jasiri. Nikamwambia, "Hapana, imemuuma. Nenda taratibu." Akaenda taratibu.

Sasa la Bosi. Afisa mifugo alikuja hapa jioni ile ile ya Jumapili. Alisema mbwa aliyeumwa na mwenye kichaa, naye hajachanjwa, hawezi kuachwa. Jirani yako alinishauri nimwambie mtoto kwamba Bosi amesafiri. Uongo umenitosha. Nilichuchumaa mbele ya Victoria nikamwambia: "Bosi anakufa leo. Harudi." Alikwenda akakaa kando ya lile tenga, hatua moja, mahali nilipomchorea mstari. Hakuuvuka. Alikaa mpaka walipomchukua.

Tangu hapo hatulii. Anazunguka uani, anasimama mlangoni, anarudi. Analala kwa vipande vipande. Midomo yake inasema kitu muda wote, na mimi sauti siipati, lakini nimejifunza kusoma midomo. Anasema, Bosi anakufa leo. Harudi.

Nimemwuliza nesi lini nitaacha kuogopa. Amesema sindano zikikamilika matumaini ni makubwa, ila tumwangalie kwa miezi. Basi nitamwangalia.

Ndelilio

*

Kidia
Jumamosi, 28 Septemba 2024

Mwanangu Yuditha,

Natumaini mshono umekauka na Ebenezeri ananyonya vizuri. Tangu niliporudi huku Agosti nyumba imekuwa kubwa. Wilson alipita wiki iliyopita, akaniambia umemweleza yote, la kwako na la kwangu, na la kaka yangu. Hakunigombeza. Alikwenda kusimama pale kilipokuwa kibanda, akakaa huko kidogo, akarudi tukala.

Ninaandika kwa mambo mawili. La kwanza, miezi mitatu imepita na zaidi, lakini kila asubuhi nikimimina chai namwona mtoto akigeuza uso. Naamka na hofu hiyo kabla hata sijakumbuka ni ya nini. Niandikie neno moja tu, kama anakunywa.

La pili, sitakuomba uniachie tena Victoria. Najua alikaa na meno ya mbwa mwilini siku kumi bila sindano kwa sababu yangu. Likizo ya Desemba msijisumbue kutafuta maneno ya kunikatalia. Mje mnisalimie mchana, mrudi. Nitaelewa.

Ndelilio

*

Pasua
Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Mama, shikamoo.

Anakunywa. Leo asubuhi chupa mbili. Na mimi namwangalia kila anapokunywa, kila siku, sijaacha. Nikisikia mbwa anabweka mtaani naacha ninachofanya naenda kuhesabu watoto wangu, na ninao wawili tu. Juzi alikohoa wakati anakula, nikamwaga mboga yote. Kwa hiyo usifikiri uko peke yako kwenye hiyo hofu.

Lile jani bado ninalo. Limekauka. Sikukujibu siku ile, nakujibu leo: nimesamehe, na mimi naomba unisamehe ya chanjo.

Nilitaka kuandika hivyo tu, halafu nikuambie kwamba habari za Desemba tutaziongea polepole, maana moyo wangu bado haujafika huko. Nilikuwa nimeanza kuandika sentensi hiyo. Gladness alikuwa ameegesha nje gari la Filemon, ambalo siku hizi analikodi kushushia ndizi, amekuja kuchukua barua kabla ya kupanda. Nikainua kichwa, Victoria hayupo ndani.

Mama, unajua jinsi nilivyotoka. Nilitoka na mtoto mchanga kifuani, bila viatu. Niliangalia uani, niliangalia barabarani, niliita ingawa najua haitiki.

Alikuwa nyuma ya gari, amekaa kati ya magunia matupu ya ndizi. Alikuwa amechukua mkoba wake, ametia sweta na chupa, na amezivaa zile buti za mvua ulizomnunulia. Nikamwambia ashuke. Akashika ukingo wa gari kwa mikono miwili. Gladness akambembeleza, Wilson akambembeleza. Nikamwuliza anakwenda wapi. Alinitazama, kitu ambacho hakifanyi mara nyingi, akasema, "Kwa Bibi." Haikuwa sauti yako wala ya Gladness wala ya redio. Ilikuwa ya kwake.

Nimesimama pale muda mrefu mpaka Ebenezeri akaanza kulia. Kisha nimerudi ndani kumaliza barua hii. Wilson atapanda naye na kulala kwako leo na kesho. Jumatatu atarudi peke yake kama wewe na Victoria mtakubali, shule nitazungumza nayo.

Naogopa, Mama. Kuliko siku zile za wodini. Lakini sikumshusha. Barua hii ameishika yeye mwenyewe. Mkifika nyumbani ipokee taratibu, atakupa akiwa tayari.

Mwanao,
Yuditha